Pistoni Iliyokaza Juu

Siku mliponiaga pale karakanani, baada ya pilau na hotuba zilizokuwa ndefu kuliko foleni ya pilau, mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi ili vijana wanaokuja wapate pa kuanzia. Nilikubali haraka haraka, kama mtu anavyokubali mwaliko wa harusi ya mbali. Huu ni mwezi wa nne daftari liko mezani. Nalifungua, nalifuta vumbi, nalifunga. Leo nimeamua. Vyeo na mishahara sitaandika, hayo yamo kwenye faili. Nitaandika mashine, waliozileta, aliyenifundisha, na kosa moja ambalo hamlijui. Hilo kosa ndilo lililokuwa likinifanya nilikwepe daftari.

Kwanza mnijue vizuri. Mmenizoea kama mama mkali anayehesabu skrubu mara tatu, mkadhani ni umakini. Ni woga. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Nikishafunga mlango wa nyumba narudi kuusukuma, nikifika barabarani narudi tena. Mume wangu ameshazoea kunisubiri njia panda. Ila wasiwasi huo ndio ulionilisha, maana kwenye injini ndogo anayejiamini kupita kiasi ndiye anayemaliza kufunga akiwa na skrubu moja mkononi isiyo na kwao.

Nilianza kazi Handeni, pale Chanika, katika karakana ya umoja wa wakulima. Nilifika na cheti changu cha ufundi na gauni la kitenge, kwa sababu hakuna aliyenieleza nivae nini, na mimi sikuthubutu kuuliza. Fundi mkuu alikuwa Mzee Semkiwa, Mzigua mfupi mwenye kofia ya kufuma ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Alitazama vidole vyangu kabla ya kunitazama usoni, akaniuliza kama nimewahi kuchambua mchele. Nikamjibu kila siku. Akasema basi kazi naijua, akaniwekea mbele pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia dawa shambani, akataka niifungue injini yake yote mpaka asubuhi iishe.

Kando yake aliweka ungo. Ulikuwa ungo wa kupepetea, wa mke wake, ambaye nilikuja kujua alikuwa ameshakata tamaa ya kurudishiwa. Ndani ametandika kitambaa cheupe. Kila kipande kinachotoka kinalazwa pale kwa zamu yake, cha kwanza kushoto, kinachofuata pembeni yake, hadi ungo uzunguke. Ungo una ukingo, kitu hakivingiriki kikaenda chini ya kabati, na juu ya kitambaa cheupe hata shanga inaonekana. Wakati wa kufunga unarudi nyuma, cha mwisho kinakuwa cha kwanza. Nyinyi mmeletewa visanduku vya plastiki vyenye vyumba vyumba. Ni vizuri. Mimi ungo wangu nimeondoka nao.

Siku ile nilitoka jasho mpaka kitenge kikanata. Nililegeza skrubu za kichwa kwa kuvuka, moja huku na ya pili upande wa pili, ili kichwa kisipinde. Nikatoa kabureta, nikatoa silinda, nikafika kwenye pini inayoshika pistoni. Pini hiyo hulindwa na klipu mbili, vijipande vya waya mfano wa herufi C, na klipu ikifyatuka hairudi. Mzee Semkiwa alinionyesha kuifunika kwa kitambaa huku unaitoa, ikiruka iruke ndani ya kitambaa. Nilizitoa zote mbili bila kupoteza. Nikahesabu vipande, nikahesabu tena, mara ya tatu akaniambia vipande havizaani, nifunge.

Alinifundisha mengi mzee yule, na mengi kati ya hayo nimewapa nyinyi. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo aliishika kuliko zote. Fundi hamuulizi mwenye mashine. Mteja akiingia, unaipokea mashine, unaisikiliza, unaifungua, unajua mwenyewe. Ukimuuliza mteja, umeshamwambia kwamba hujui, na akitoka mlangoni anakwenda kuwaambia na wengine. Nilikuwa msichana peke yangu kati ya wanaume sita. Sheria ile niliishika kwa mikono miwili.

Mwaka wangu wa pili alikuja mfugaji wa Kimaasai kutoka nyika za kuelekea Mkata, Mzee Lekishon. Alileta pampu ya injini anayoogeshea ng'ombe wake kwa dawa ya kupe. Nilimfungulia, nikabadilisha ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, nikafunga. Klipu moja ya pini ilikuwa imelegea, haina tena ule msukumo, na klipu mpya stoo hazikuwepo. Niliirudisha ileile. Nilikwenda nyumbani nikiiwaza, nikala nikiiwaza, nikajiambia ni wasiwasi wangu wa kila siku.

Baada ya siku tatu Mzee Lekishon alirudi na pampu begani. Nilipotoa kichwa niliona kabla sijauliza chochote. Klipu imechomoka, pini imetembea, silinda imechanwa mistari miwili ya kina kutoka juu hadi chini. Nilifungua mdomo niseme. Mzee Semkiwa akawahi, akamwambia kwa upole, "Mashine yenyewe ilikuwa imechoka, mzee." Mzee Lekishon aliipitisha kidole ile mistari. Alisema tu kwamba ng'ombe wake wana kupe hadi masikioni na ametembea tangu alfajiri. Kisha akaichukua akaondoka nayo, ingawa haikuwa na kazi tena.

Nilijificha nyuma ya stoo nikalia. Mzee Semkiwa alinifuata, hakunigombeza. Wiki ile ile alinunua pakiti nzima ya klipu kwa fedha yake, akaniambia klipu ya zamani isirudi kwenye injini hata kama inang'aa. Kuhusu yale maneno aliyomwambia mfugaji hakusema kitu, wala mimi sikumuuliza. Wiki ile nilijifunza mambo mawili, na la pili halikuwa zuri.

Miaka ilikwenda. Nilihamishiwa Korogwe, Mzee Semkiwa akafariki, na mimi nikawa ndiye wa kuulizwa. Misumeno ya moto, pampu za maji, mashine za kukata majani, kila kitu chenye injini ya kubebeka kwa mkono mmoja kililetwa kwangu. Watu walitoka hadi Handeni kunifuata. Sifa ni kitu kizuri, ila kwa mtu wa wasiwasi ni mzigo, maana kila injini inayokuja unaiona kama ndiyo itakayokuumbua.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Imebaki miaka mitatu nistaafu, akaja Elia.

Mnakumbuka ile ndege ndogo ya Magoma. Kwa asiyejua, wakulima wa mpunga wa kule huteswa na kweleakwelea. Ndege hao ni wadogo lakini hushuka kwa maelfu wakati punje bado ina maziwa, na wakikaa asubuhi mbili shamba limekuwa mabua. Zamani familia nzima ilikesha na madebe na kombeo tangu kunapokucha, na watoto hawaendi shule mpaka mavuno. Ndipo mradi mmoja ukaleta ndege ya kuchezea, ya kuongozwa kwa rimoti, mabawa yake ya povu jepesi yamepakwa rangi ya kipanga. Inaruka chini chini juu ya mpunga, kweleakwelea wanainuka wote wanahama. Mwanzoni watu waliicheka. Baada ya wiki moja walikuwa wanampikia rubani wake, na rubani huyo ndiye Elia, mzaliwa wa Mkata, mwenye miaka kama thelathini.

Alikuja asubuhi, ameifunga injini kwenye leso. "Shikamoo, mama," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshaanza kueleza. Injini haizunguki. Msimu uliopita aliirudisha stoo bila kuiacha iwake mpaka mafuta yaishe, yakagandia ndani, na sasa imeshikana. Alijilaumu mwenyewe bila kuulizwa. Mradi ulikuwa na injini hiyo moja tu. Mkataba wake ulikuwa unaangaliwa mwezi ule, na bosi wake amemwambia wazi kwamba injini ikifa na kazi yake imekufa. Mkewe ana mimba ya mtoto wa pili. Kule Magoma punje zimeanza kuingia maziwa, na kweleakwelea wameonekana kijiji cha jirani.

"Mama, kazi yangu ndiyo hiyo uliyoishika," akasema, akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Nikamwambia aje kesho kutwa. Akaenda Magoma kuangalia mashamba.

Nilikuwa sijawahi kuona injini ya namna ile. Ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, na uzito wake haufiki wa kopo la mafuta ya kujipaka. Haitumii petroli, inatumia spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Plagi yake haitoi cheche, ina waya mwembamba ndani unaowaka mwekundu. Niliinusa ile nyonyo iliyoganda, nikakumbuka tulivyokuwa tukinyweshwa utotoni. Nikatandika ungo.

Siku ya kwanza nilifanya kazi ambayo hata leo siionei haya. Nilitoa plagi. Nikalegeza skrubu sita za kichwa kwa kuvuka, na chini ya kichwa nikakuta gasketi ya shaba nyembamba kama ganda la kitunguu, nikailaza peke yake mahali ambapo upepo hauifikii. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Sikuilazimisha kuzunguka hata kidogo, maana koni rodi yake, mkono unaoisukuma pistoni, ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti kikubwa, ukiikunja imekwisha. Niliiloweka kwenye spiriti mpaka alasiri, kisha nikaipasha moto taratibu juu ya pasi ya mkaa. Nilipoishika shafti kwa kitambaa na kuisukuma, ilisogea. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mkaniuliza kuna nini.

Siku ya pili nilitoa silinda ya ndani na pistoni. Rodi niliitia alama kwa rangi ya kucha upande unaotazama mbele, isije ikarudi kinyume. Beringi nikaziosha kutu. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nilipotafuta ringi. Hazikuwepo. Nilitafuta kwenye ungo, kwenye kitambaa, nikapiga magoti sakafuni. Baadaye niliona kwamba hata mifereji ya kukalia ringi haipo, pistoni ni laini mwili mzima, nikaelewa kwamba imetengenezwa hivyo. Lakini wasiwasi wangu ulikuwa umeshaamka.

Nikajaribu pistoni ndani ya silinda. Chini inapita bila taabu. Ikikaribia juu, inakaza. Sehemu ndogo tu ya mwisho, upana wa punje ya mchele, inashika na kugoma. Nilidhani ni mabaki ya nyonyo, nikasafisha upya. Ikakaza. Nikageuza, nikapaka mafuta mepesi, ikakaza palepale. Katika injini zote nilizofungua tangu Chanika, pistoni inayoshika mahali ni mgonjwa. Nikaamua silinda imepindwa na moto, na kwamba hii ndiyo sababu ya yote.

Namba ya Elia nilikuwa nayo. Niliitoa simu mfukoni, nikatafuta jina lake, nikaliona. Kumuuliza ilikuwa ni sentensi moja: mwanangu, hii huwa inakaza juu? Nikairudisha simu mfukoni. Nilikuwa mtu wa kuulizwa, si wa kuuliza. Nilimwona akilini akiwaambia watu wa Magoma kwamba yule mama wa Korogwe mnayemsifia hata injini yenyewe haijui. Nikachukua msasa wa maji, ule laini kuliko wote, na dawa ya kung'arishia shaba. Nilisugua pistoni, nikasugua silinda kwa ndani, nikajaribu, nikasugua tena. Saa nzima. Mwisho pistoni ikapita kutoka chini hadi juu kwa kusukumwa na kidole kimoja. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, ilikuwa kazi nzuri kweli.

Nilikuwa nakaza skrubu ya tano ya kichwa simu ilipolia.

"Mama, samahani, kuna kitu nilisahau kukwambia," Elia alisema. Nyuma yake nilisikia watu na madebe. "Ukifika juu utaiona inakaza. Usihangaike nayo, ndiyo uzima wake. Silinda yake imebanwa juu makusudi. Ikipata moto inatanuka, ndipo inakaa sawa. Ukiona inapita laini ikiwa ya baridi, hiyo imekwisha."

Nilimwambia nimemwelewa. Nikakata simu, nikakaza skrubu ya sita, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Mmoja wenu, nadhani mnajuana nani, aliniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Usiku ule niliomba injini iwake. Niliomba kwa dhati, kama wanavyoombewa wagonjwa. Asubuhi Elia alifika, akaifunga kwenye jiliwa la kubania vyuma pale benchi la nje, akalizungusha pangaboi lake kwa kidole. Injini ya aina ile ikiwa nzima hukirudisha kidole, inagoma kidogo kila pistoni inapopanda. Ile haikugoma. Ilizunguka kama feni ya dukani. Aliunganisha betri kwenye plagi, akapiga pangaboi, akapiga, akabadilisha mafuta, akapiga mpaka kidole kikachanika. Ilikohoa mara mbili, basi. Nilisimama pale saa mbili nimeshika kitambaa.

Mwisho aliketi juu ya tairi. "Niliiacha na mafuta ndani," akasema. "Nimeiua mwenyewe, mama. Kutu imekula."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sikuhitaji ujasiri mkubwa, ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nikaufungua, na yakatoka maneno ya Mzee Semkiwa. "Ilikuwa imechoka, mwanangu," nikamwambia. Akanishukuru kwa kujaribu.

Aliandika maelezo yake kwa ofisi ya mradi kwa mkono wake, kwamba kwa uzembe wake injini imeharibika ikiwa stoo. Mwisho wa mwezi hawakumwongezea mkataba. Mkulima mmoja, Mama Salma, mwenyekiti wa wenzake kule, alinieleza haya yote alipopita karakanani, akamalizia kwamba vijana wa siku hizi hawatunzi kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikaomba likizo ya siku nne, nikaenda Magoma, nikasimama kwenye shamba la Mama Salma na debe kuanzia kunapokucha. Walifikiri nina huruma. Walinipikia, wakanisifu, na kila walipomtaja Elia kwa ubaya nilipiga debe kwa nguvu zaidi. Kweleakwelea walikula karibu nusu ya shamba lile.

Mtauliza kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu, na niliona jina langu ni kitu nilichokijenga kwa miaka mingi, nikaogopa lisianguke kwa saa moja ya msasa. Nilijiambia Elia bado kijana, atapata kazi nyingine. Nilijiambia injini ilikuwa na kutu kweli. Kilichobadilika ni kazi yangu na nyinyi. Kuanzia hapo niliwalazimisha kumuuliza mwenye mashine kila kitu, ilikuwaje, ilianza lini, huwa inafanya nini ikiwa nzima, na muandike. Mlidhani nimehudhuria semina.

Baada ya kustaafu wasiwasi haukustaafu. Sasa nilikuwa nao mchana kutwa, bila kazi ya kuupeleka. Nikamtafuta Mama Salma, nikamuuliza Elia yuko wapi, akasema amemwona Mkata, stendi. Nikapanda basi.

Nilimkuta kando ya barabara na beseni la mihogo ya kukaanga na chupa za maji. Basi likisimama anakimbilia madirishani. Amekonda. Aliponiona alifurahi kweli, akanipisha kwenye kigoda chake, akanifungulia soda na kukataa kulipwa. Ilikuwa vigumu zaidi kwa sababu ya ile soda. Niliishika mpaka ikapata moto, kisha nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia pistoni ilikuwa nzima, ilikaza juu kama alivyosema, na mimi niliisugua kabla hajapiga simu, na aliponipigia nilikuwa nimeshamaliza.

Basi moja likaingia, wenzake wakakimbia. Yeye hakuinuka.

"Ulisugua na nini?" akauliza.

Nikamwambia msasa wa maji na dawa ya kung'arishia.

"Silinda au pistoni?"

"Vyote viwili."

Alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayesikia jibu alilolitarajia. Basi likaondoka. Kisha akaanza kuongea akiwa anaangalia barabara. Alisema watu hapo stendi wanajua alisomea ufundi, wanamletea bodaboda, naye huwajibu kwamba yeye si fundi. Akishika spana anairudisha chini. Anajiuliza, kama aliua kile kidogo alichokabidhiwa kwa uvivu wake, hiki cha mtu atakifanya nini. "Mke wangu nilimwambia uvivu wangu ndio uliotuleta hapa," akasema. "Mtoto wangu wa pili amezaliwa baba yake akiwa mzembe. Miaka mitatu, mama."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia niko tayari kuandika barua kwa wale wa mradi. Akasema mradi ulishafungwa, waliosoma maelezo yake wameshaondoka, hakuna wa kuipokea. Ndipo nikamweleza kwamba kuna vijana wangu wa karakana wameniomba niandike kumbukumbu, na kwamba nimepanga kulitia humo jambo hili. Nikamwambia ukweli hata katika hilo, kwamba nilikuwa nimefikiria kuandika habari za fundi mmoja wa Korogwe, bila kumtaja.

Elia alinigeukia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Usiandike fundi mmoja," akasema. "Mimi yale maelezo yangu niliweka jina kamili."

Alichukua beseni lake, akaenda kulisubiri basi lingine. Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka nilipoona kwamba hatarudi kuniaga, nikavuka barabara kutafuta la kunirudisha Korogwe.

Kwa hiyo, vijana wangu, hili ndilo nililotakiwa kuandika tangu mwezi wa kwanza. Mkimkuta Mkata, mwombeni awaonyeshe injini ile inavyotakiwa kukaza. Msimwite mzembe mbele yangu wala nyuma yangu. Aliileta ikiwa imeganda tu, na dawa ya mafuta yaliyoganda tuliijua. Aliyeiua ni mimi, Hadija Mhando.